Fundi Wetu Anastaafu na Lawama Isiyo Yake

Nyinyi wa kamati hamna haya. Mmemwekea Fundi meza ya keki, mmempulizia maputo, mmemwandikia ukutani "Asante kwa Utumishi Wako" kwa herufi za kumetameta, na wiki tatu zilizopita ni nyinyi hao hao mliosimama ofisini mkakubali kwamba mkono wake umechoka. Kisha mkanijia na vicheko: "Bibi, wewe ndiye umekaa naye sana, tuandikie wasifu. Mfupi. Wa kuchekesha." Haya, nimeandika. Mfupi umenishinda. Kucheka mtacheka mahali pa kucheka. Nimemkataza Katibu kuuchapa kwenye ile karatasi ya ratiba, maana angeukata mkia na masikio. Nausoma mwenyewe, na atakayejifanya anakwenda kupokea simu ajue nimemwona.

Fundi wa chumba cha kuvalia cha mashindano ya Binti wa Maonyesho ametumikia uwanja huu wa maonyesho ya mifugo kwa miaka thelathini na mmoja, na anastaafu leo, siku ya mwisho ya mwezi. Mimi ni mlinda mlango wa chumba hicho. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkisikia sentensi imepinda, inyoosheni kimoyomoyo, msinikatize.

Hakuja hapa kushona magauni. Aliajiriwa kushona maturubai ya mabanda ya ng'ombe, na alikuwa akikaa chini ya turubai lenyewe na sindano ndefu kama kidole, ukipita unaona miguu tu. Siku moja ya mashindano zipu ya msichana ilipasuka wakati jina lake limeshatajwa. Mtu akakimbia hadi kwenye mabanda: "Yule mama wa maturubai yuko wapi?" Akaja na uzi wake wa turubai, mnene kama kamba ya kiatu, akamshona yule mtoto mgongoni palepale, amesimama. Msichana akatoka kama mlingoti, hawezi kuinama, hawezi kugeuka, hata kupumua anapumua kwa zamu. Majaji wakamsifu wakasema ana mkao wa heshima. Akapata nafasi ya pili. Tangu hapo Fundi hakurudi tena kwenye ng'ombe.

Wageni mliokuja leo, chumba cha kuvalia hamjakiona, nanyi mnakisikia tu. Kipo nyuma ya banda la kuku. Ukuta mmoja wa matofali, mitatu ya mabati. Kioo ni kimoja, kina ufa, kila anayejitazama anajiona ana shingo mbili. Mlango ni wangu. Akina mama wa washindani hawaingii, akina baba ndio kabisa, na mwenyekiti mmoja wa zamani aliyetaka "kuchungulia maandalizi" alichungulia mkono wangu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Humo ndani nimeona watoto wa watu wakitapika kwa woga, nimeona waliochukiana mwaka mzima wakipakana mafuta migongoni, na katikati yao wote Fundi, amepiga magoti, pini mdomoni.

Kwa hizo pini wasichana walimbatiza Shangazi Pini. Hakuzitoa. Alishika nane au kumi katikati ya midomo, akazungumza hivyo hivyo, na lugha yake ilikuwa na maneno yake. "Mmh" fupi maana yake geuka. "Mmh" ya kupanda maana yake tumbo ndani. "Mm-mm" mbili maana yake ukilia utalowanisha kitambaa, lia baadaye. Kuna mwenyekiti mgeni aliyekuja kumweleza mpango wake wa kuwavalisha wasichana suruali fupi na mabuti, ati mambo ya kisasa. Fundi akamjibu "mmh, mmh, mmh" mpaka mwisho. Mzee wa watu akaondoka amefurahi, akatangaza kwenye kikao kwamba Fundi ameafiki kila kitu. Mimi nilikuwa mlangoni. Alichoambiwa siwezi kukisoma mbele ya watoto.

Jogoo nao walimtambua. Mwaka mmoja msichana aliulizwa swali, "Ni nani unayemheshimu kuliko wote?" na kabla hajafungua kinywa jogoo mshindi wa maonyesho akawika nyuma ya jukwaa. Watu walicheka mpaka mtoto akasahau jibu. Fundi hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata, kabla ya kipindi cha maswali, alizunguka banda la kuku na magunia, akafunika tundu moja moja, akawaacha wale jogoo wanadhani ni usiku. Amefanya hivyo kila mwaka tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyemshukuru. Leo namshukuru mimi, na kwa niaba ya jogoo namwomba radhi.

Lakini kazi yake kubwa ni magauni. Zamani kila msichana alikuja na nguo yake, na mkitaka kweli, tulikuwa tunashindanisha mifuko ya baba zao. Binti wa mwenye duka anakuja na gauni lililoingia kwa sanduku, binti wa kuli anakuja na la kuazima limembana kwapani, na watazamaji wanazomea kabla hajafika katikati. Haya si mashindano ya sura, jamani. Anayeshinda analipiwa chuo mpaka amalize. Ni mlango wa maisha ya mtoto. Fundi akaenda kikaoni, akatoa pini mdomoni, jambo ambalo peke yake liliwatisha, akauliza, "Majaji wanapima kitambaa au wanapima kichwa?" Akawaomba pazia la jukwaa la zamani, lile la kijani lililokuwa limekunjwa stoo pamoja na panya. Akatoa humo magauni manane, yote rangi moja, yote mshono mmoja. Kuanzia siku hiyo ukitazama jukwaani unaona wasichana wanane wa kijani, na huna budi kusikiliza wanachosema.

Sasa wasichana wanabadilika kila mwaka, magauni ni yale yale. Huyu mnene, yule mwembamba, huyu ana mabega ya kubeba mizigo. Zipu isingeweza kuvumilia. Ndiyo maana magauni yetu hayana zipu wala vifungo. Fundi anamshona kila msichana ndani ya gauni lake, mgongoni, toka kiunoni kwenda juu hadi shingoni, dakika chache kabla hajatoka, na akirudi anamfungua kwa makasi. Ukishashonwa hukai, unasimama wima hadi uitwe. Anayefuata kwenye foleni ndiye anayekushikia kitambaa kisiachane wakati sindano inapita, kisha wewe unatoka, naye anashikiwa na wa nyuma yake. Fundi akimaliza anafunga fundo, anakata uzi, anavuta kitambaa kwa nguvu mara moja, anasema, "Nenda." Bila kuvutwa hutoki. Wako wanawake wazima nchi hii waliofika walikofika kwa neno hilo. Mwaka juzi alikuja mmoja wao, sasa daktari wa mifugo, kumchoma sindano ndama wetu, akamwona Fundi kwa mbali, na mwili wenyewe ukamgeukia, mgongo nje, mabega chini, anangoja. Na bomba lake la sindano mkononi! Ndama akapata nafuu ya dakika moja.

Haya, mmecheka. Inatosha. Uso umeumbwa na haya, na wangu nimeuleta hapa ukiwa na haya zake zote, sasa nisikilizeni.

Mwaka huu, Jumamosi alasiri, msichana wa sita alikuwa binti wa fundi baiskeli, yule mwenye kibanda karibu na geti la nyuma. Wa saba alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno. Wa saba ndiye aliyemshikia wa sita kitambaa.

Fundi alikuwa ameanza kumshona wa sita. Mwenyekiti akanijia mlangoni, uso unang'aa kama mtoto aliyeficha peremende shavuni.

"Bibi, tumemwandalia Fundi mshangao. Maua, picha, kila kitu. Mtoe sasa hivi apande jukwaani."

Nikamwambia, "Mwanangu, anashona."

"Dakika mbili tu. Mshereheshaji ameshaanza kumtaja."

"Mtu aliyeshika mgongo wa mtu haitwi."

"Bibi, jamani, usituharibie."

Yeye ni Mwenyekiti, mimi ni mlango. Nikaingia nikamtoa. Na hapa ndipo nataka mjitazame, nyote, mimi nikiwemo. Tulitaka kumheshimu mtu kwa kazi yake, tukamtoa kwenye kazi hiyo hiyo ikiwa mkononi. Nani humwita mkunga nje akapewe maua wakati kichwa cha mtoto kimeshachungulia? Sisi. Sisi wenye akili zetu na maputo yetu.

Alikuwa amefika katikati ya mgongo. Nusu ya juu ilikuwa imeshikwa kwa pini mbili tu. Akampa mjukuu wangu sindano, akasema kwa lugha yake ya pini, "Mmalizie. Fundo. Umvute ndipo atoke." Mimi nilielewa. Mjukuu wangu pia alielewa, kushona amejua kabla hajajua kusoma.

Fundi akapandishwa jukwaani na pini zake mdomoni. Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti, "Neno moja, mama yetu!" Naye, "Mmmh." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na hicho kilikuwa kicheko cha mapenzi, sikatai, nilicheka nami. Lakini kabla hajashuka, bado ana maua mikononi na watu wa picha wamemzunguka, mshereheshaji akaona muda unakwenda, akamwita msichana wa sita.

Binti wa fundi baiskeli akatoka. Alitembea vizuri. Kipaji alichokuja kuonyesha kilikuwa kufungua gurudumu, kuziba pancha na kulirudisha, huku anaeleza kila hatua kama mwalimu, bila kuchafua gauni kwa tone moja la grisi. Watu walisimama kumpigia makofi. Akainama kuokota pampu yake. Akanyooka, akasogea kwenye kipaza sauti kungoja swali. Pini zilikuwa zimeshatoka. Gauni likafunguka shingoni mpaka katikati ya mgongo, likaanza kumteremka mbele.

Fundi alitupa maua, akamfunika kwa shali lake. Lakini mtoto alikuwa ameshayaona macho ya watu. Alikimbia, akapita mlangoni kwangu na shali kifuani, hakuniona hata mimi. Na kanuni yetu inasema anayeshuka jukwaani kabla ya swali amejitoa. Kanuni hiyo tuliiweka wenyewe, mwaka ule msichana mmoja alipoomba kwenda chooni tukamngoja mpaka giza likaingia. Haikuwekwa kwa ajili ya mtoto aliyevuliwa nguo. Tukaitumia vivyo hivyo.

Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Leo tumepata na pancha ya gauni!" Upo hapo, mwanangu, umevaa tai nyekundu. Nakutazama.

Mjukuu wangu akashinda. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nilibeba taji lake mimi mwenyewe nyumbani, nikaliweka juu ya kabati la vyombo, majirani wakaja kulitazama, nami nikawa nasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kwa kinywa hiki.

Kesho yake asubuhi mkatuita ofisini. Mwenyekiti akauliza nani alimshona yule binti. Fundi akatoa pini zake, moja moja, akazichoma kwenye kola ya gauni lake. Akasema, "Ni mimi. Fundo lililegea. Mkono umezeeka." Mkatikisa vichwa. Hakuna aliyesema, "Lakini tulimwita sisi." Hakuna aliyesema, "Hata hakuwepo." Na mmoja wenu, simtaji, kitambi chake kinamtaja, akasema, "Ndiyo maana mtu hustaafu." Mkaenda kunywa chai. Mimi nilinyamaza kama nyinyi. Nilikuwa bibi wa mshindi, nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kupongezwa.

Jumatatu mimi na Fundi tulikaa kufumua magauni, kama kila mwaka, tutoe nyuzi tuyafue. Nikashika lile la sita. Uzi uliishia katikati ya mgongo, kisha ukaning'inia, mrefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko. Mtu yeyote aliyewahi kushona kifungo anajua: fundo hufungwa kwanza, uzi hukatwa baadaye. Huu haukuwa umekatwa. Sindano ilichomolewa tu. Hapakuwa na fundo lililolegea, kwa sababu hapakuwa na fundo. Nikainua macho. Fundi alikuwa ananitazama. Akanyoosha mkono, akasema taratibu, "Hilo nipe. Hilo nalifua mwenyewe." Tukaendelea kufumua mengine mpaka jua likageuka.

Nikarudi nyumbani. Mjukuu wangu alikuwa anaosha vyombo. Nikamwuliza, "Sindano ulimrudishia nani?"

Sahani ikamponyoka ndani ya beseni. "Sindano gani, Bibi?"

"Usiniulize sindano gani. Umezaliwa mikononi mwangu."

Povu likamkauka vidoleni. Kisha akasema, "Sikukata kitu, Bibi. Sikuharibu. Niliacha tu. Aliitwa, akaniuliza, tayari? Nikamwambia, tayari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye alikuwa anajua kujibu kuliko mimi."

Nimezaa, nimezika, nimefukuzwa nyumba nikiwa na mimba ya miezi minane. Sikuwahi kuhisi nilivyohisi pale karibu na lile beseni. Akalia, akasema, "Si unaweza kusema ni bahati mbaya tu, Bibi?" Nikamwambia bahati mbaya haina ulimi. Haisemi "tayari".

Nikaenda kwa Fundi. Niliingia bila hodi, nikamkuta anapunga pasi ya mkaa uani. Nikamwambia, "Ulijua."

Akasema, "Nilijua tangu gauni lilipofunguka. Mshono wangu naujua unavyokufa, haufi hivyo."

"Kwa nini umejitwika?"

Akaweka pasi chini. "Mwenzangu, mimi naondoka. Yeye ndio kwanza anaanza. Lawama kwangu itakaa msimu mmoja, watu watasema kizee kimechoka, watasahau. Yeye itamfuata mpaka kwa wakwe."

Mnaona huyo mtu? Huyo ndiye mliyekubali kwamba mkono wake umechoka. Nilitaka kumbusu miguu, na nilitaka kumpiga na ile pasi. Nikamwuliza, "Na yule mwingine? Mwenye mgongo? Yeye lawama yake itakaa misimu mingapi?"

Akainama akapuliza majivu ambayo yalishapulizwa. Mwishowe akasema, "Hapo ndipo pananinyima usingizi."

Basi, Fundi, nakusifu mbele ya watu na nakukaripia mbele ya watu. Umewafunika wasichana wa uwanja huu miaka yote hii, na safari hii ulikuwa na shali moja na watoto wawili, ukamfunika aliyekosa ukamwacha aliyekosewa. Najua ulimfunika kwa ajili yangu. Ndiyo haya yangu ya pili, na hiyo ni nzito kuliko ya kwanza, ile ya kunyamaza ofisini. Urafiki wetu haukuhitaji malipo ya namna hiyo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio sikitaki kije nikiwa kaburini, mjukuu wangu amevaa joho la chuo ambalo si lake.

Yule binti wa fundi baiskeli nimekwenda kumwona. Anakaa ndani ya kibanda cha baba yake, nyuma ya magurudumu yaliyotundikwa, anaziba pancha bila kutokeza uso. Vijana wakipita wanaita, "Pancha ya gauni!" Mshereheshaji, umesikia mzaha wako ulivyotembea? Una miguu kuliko wewe. Baba yake, mtu mpole, aliniuliza jambo moja tu: "Bibi, mwanangu alikosea wapi?" Sikuwa na pa kuuficha uso. Sokoni watu wananiita Bibi wa Mshindi, nami sasa napita uchochoro wa nyuma, wa mafundi bati, ambao kwa kelele zao hawasalimii mtu.

Nilimwambia mjukuu wangu, utasema wewe au nitasema mimi, lakini siku ya kumuaga Fundi haitapita na uongo huu mezani pamoja na keki. Alininunia. Aligoma kula. Jana akanijia jikoni, akasema, "Sema wewe, Bibi, mimi sauti haitatoka. Lakini nitakuwepo." Yupo. Ni yule aliyekaa safu ya pili, kichwa chini, na jirani zake ndio wameanza kumgeukia sasa hivi. Msimgeukie. Tazameni huku. Amekosa, na amekuja. Kuja si kazi ndogo. Wako wakubwa humu ambao wangekuwa wameshapanda basi. Ufadhili ameukataa kwa mdomo wake asubuhi hii, mbele yangu na mbele ya Fundi, na Fundi alimshika shavu wakalia wote wawili kama watoto. Mimi sikulia. Nilikuwa natafuta miwani.

Kwa hiyo andikeni hivi kwenye vichwa vyenu, mahali pasipofutika. Fundi wa chumba cha kuvalia hakukosea fundo. Kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kumtoa msichana nje bila kumvuta kitambaa. Mara moja tu msichana alitoka bila kuvutwa, na mara hiyo tulikuwa tumemsimamisha yeye jukwaani na maua ambayo hakuyaomba. Mkono haujachoka. Anastaafu kwa sababu anataka kulala mchana, kama binadamu, na kwa sababu magoti yamemwambia basi.

Fundi, mwenzangu, asante. Asante kwa magauni ya pazia, kwa magunia ya jogoo, kwa kila mgongo ulioupeleka mbele za watu ukiwa umefungwa vizuri. Mungu akuachie macho ya kuliona tundu la sindano mpaka mwisho, akupe chai ya kunywea kitini badala ya kusimama, na wageni wanaobisha hodi kuliko mimi. Siku utakayotaka kushona, shona. Siku usiyotaka, wakija kukuita, wajibu kwa lugha ya pini. Kaa vizuri huko nyumbani, mama. Umetutumikia kuliko tulivyostahili.

Haya, Mwenyekiti, nyanyuka. Keki isogeze pembeni, haitakimbia. Kipaza sauti kiweke hapa mbele. Majaji watatu nawaona wote, mmejipanga karibu na soda. Njooni mkae kwenye hivi viti. Swali mlilokuwa mmemwandalia msichana wa sita halijaulizwa mpaka leo, na chuo kinafunguliwa wiki ijayo. Yupo nje, nimemleta mwenyewe, baba yake kamshika mkono. Amevaa nguo zake na zipu yake, hana haja ya kushonwa na mtu. Wewe uliyekaa karibu na mlango, ufungue. Na nyinyi majaji, akifika hapa msimpe pole, msimpe makofi, msimhurumie. Muulizeni.